Nairobi kikazi: mwongozo kamili wa kuona wanyama na misitu kati ya kikao na kikao

Wengi wanaotumwa Nairobi kikazi hurudi Dar, Kampala au Kigali wakiwa wameona vitu vitatu: uwanja wa ndege, ukumbi wa hoteli na foleni. Ukiwauliza kama walifika hifadhini, wanasema muda haukutosha. Muda huwa unatosha, ila wanautafuta jioni. Kikao kinaisha saa kumi na moja, jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na katikati hapo kuna Mombasa Road imejaa magari. Hapo huoni kitu.

Saa za kuona wanyama Nairobi ni za alfajiri, kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, iko kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya elfu moja, umekaa mlangoni pa ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri. Ukizipanga saa zako vizuri unaweza kumwona kifaru na bado ukawa umeketi kwenye kiti chako kikao kinapoanza saa nne.

Watanzania wenzangu huniuliza: unatoka nchi yenye Serengeti, unatafuta nini kwenye hifadhi ndogo iliyozungushiwa uzio pembeni mwa jiji? Nami huwauliza wamefika Serengeti mara ngapi. Wengi wetu tunaoishi Dar tunaijua kwenye televisheni tu. Na kifaru mweusi, ambaye kwetu inabidi umfuate Ngorongoro, Mkomazi au Serengeti yenyewe, Nairobi unaweza kumwona kabla ya chai.

Hatua ya 1: Anza kupanga ukiwa bado nyumbani

Ratiba ya kikao ikifika, soma kwanza siku ya kwanza na ya mwisho. Vikao vingi huanza na usajili siku ya kwanza na kumalizika kwa chakula cha mchana siku ya mwisho, kwa hiyo nafasi hukaa kwenye ncha hizo mbili. Ukiweza kufika siku moja mapema, au kuondoka Jumapili badala ya Ijumaa usiku, umepata siku nzima. Mwombe mkuu wako kwa maandishi na ueleze wazi kwamba malazi na chakula cha siku hiyo unalipa mwenyewe. Waandaaji wengi hawana shida na tarehe ya tiketi ya kurudi ikiwa nauli haipandi. Uliza pia kama bima ya safari uliyokatiwa na ofisi inakuhudumia nje ya saa za kazi. Nyingine hazihudumii, na ni afadhali ulijue hilo mezani kwako kuliko ulijue ukiwa umeteguka mguu kwenye korongo.

Kisha malipo. Hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, hazipokei fedha taslimu langoni. Unalipa kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, kwa kadi ya benki au M-Pesa. Fungua akaunti mapema ukitumia pasi yako ya kusafiria. Kuijaza fomu hiyo langoni gizani, intaneti inasuasua na magari yanapiga honi nyuma yako, ni kujitafutia balaa. Wananchi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao, chini kabisa ya wanacholipa wageni wa mbali, basi chagua kundi lako sawasawa na ubebe pasi au kitambulisho cha taifa, maana langoni wataomba kukiona. Viwango hubadilika. Vitazame kwenye mfumo wiki ya safari yako, usitegemee alicholipa rafiki yako mwaka jana.

Kama unataka kuwaona watoto wa tembo wa Sheldrick, kituo cha kulelea tembo yatima, nafasi iwekwe sasa, wakati huohuo unapokata tiketi ya ndege. Huingii bila kuweka nafasi, na nafasi huisha mapema sana, hasa miezi ya likizo. Nitalirudia hili mbele.

Majira nayo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mvua haifungi hifadhi, ila udongo mweusi wa mbugani hugeuka utelezi na gari dogo hukwama. Kuanzia Juni hadi Agosti ni baridi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mtu wa pwani asiyejua hilo hutetemeka kwenye gari lililofunguliwa paa mpaka anasahau kumtazama simba. Kiangazi kina faida yake: nyasi huwa fupi, na wanyama husogea kwenye mabwawa ya hifadhi kutoka tambarare za kusini, ambako hakuna uzio.

Hatua ya 2: Tazama umelala upande gani wa jiji

Nairobi usiipime kwa kilomita. Kilomita kumi zinaweza kuwa dakika ishirini au saa moja na nusu, kutegemea saa na upande.

Ukilala Gigiri, Runda, Muthaiga au Parklands, msitu wako ni Karura na huna haja ya kuhangaika na mwingine siku za kazi. Ukilala Kilimani, Kileleshwa au Upper Hill, una bustani ya miti ya Arboretum karibu, na Hifadhi ya Nairobi si mbali. Ukilala Lang'ata, Karen au kwenye hoteli za Mombasa Road, hifadhi ni jirani yako. Walio Westlands wako katikati: Karura ni karibu, na kwenda upande wa kusini wana barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo. Alfajiri unaweza kupita bila hiyo. Saa mbili asubuhi unaporudi, ada yake utailipa bila kunung'unika.

Ukipewa nafasi ya kuchagua hoteli, chagua kwa kufuata ukumbi wa kikao kwanza. Wanyama utawafuata saa ambayo barabara ni nyeupe. Kikao utakifuata saa ambayo kila mtu yuko njiani.

Hatua ya 3: Begi la kazi lenye kona ya porini

Huhitaji nguo za kaki zenye mifuko kumi. Suruali moja ngumu, shati la mikono mirefu la rangi isiyong'aa, sweta au jaketi, kofia, na viatu vilivyofungwa ambavyo huogopi kuvichafua. Soksi ndefu ni muhimu Karura, sababu utaiona mbele. Darubini ndogo, hata ya bei nafuu, itakusaidia kuliko kamera kubwa. Simu inatosha kwa twiga, lakini kifaru aliye mita mia tatu kwenye picha ya simu ni jiwe la kijivu.

Beba chupa ya maji ya chuma au ile ngumu ya kujazwa tena. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imezuia plastiki za kutumika mara moja kwenye hifadhi na misitu yake, na chupa ya maji ya dukani ni mojawapo. Utaambiwa uiache langoni. Mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017, hivyo hata nguo chafu zifunge kwenye mfuko wa kitambaa. Droni iache nyumbani, maana hairuhusiwi hifadhini bila kibali, na hata kuiingiza nchini ni kesi nyingine.

Hati: pasi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na laini ya simu ya Kenya yenye M-Pesa. Laini husajiliwa kwa pasi na haichukui muda. Bila M-Pesa Nairobi utakuwa unaomba omba watu wakulipie.

Hatua ya 4: Alfajiri moja ndani ya Hifadhi ya Nairobi

Kama una nafasi ya kitu kimoja tu katika safari nzima, kiwe hiki.

Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 1946 na ndiyo ya kwanza nchini Kenya. Ina uzio pande tatu, na upande wa kusini iko wazi kuelekea Kitengela na tambarare za Athi-Kapiti. Kuna simba, chui, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, kongoni, pofu, swala pala, swala tomi, mbuni, viboko na mamba, na aina zaidi ya 400 za ndege. Tembo hakuna, ila wale watoto wa Sheldrick. Nalisema mapema kwa sababu kila gari lina mtu anayemuuliza dereva tembo wako wapi.

Usafiri uandae siku mbili kabla. Una njia mbili: kukodi gari la watalii lenye paa la kufunguka pamoja na dereva anayeijua hifadhi, au kuingia na gari la kawaida. Teksi za kwenye programu za simu si za kutegemea hapa. Wengi wa madereva hukataa kuingia, na wakikubali hawajui simba alilala wapi. Mkiwa wanne kutoka kikao kimoja, mgawane gari la watalii. Kiingilio cha gari hulipwa kwa kufuata idadi ya viti, kando na kile cha watu. Tangazeni kwenye kundi la WhatsApp la kikao siku ya kwanza, wenzenu watajitokeza, na miongoni mwao atakuwamo Mnairobi ambaye hajawahi kuingia hifadhi hiyo tangu ziara ya shule ya msingi.

Unapopatana saa na dereva kwa ujumbe wa simu, andika "saa kumi na moja alfajiri, 5:00 AM". Nairobi watu huchanganya saa za Kiswahili na za Kizungu katika sentensi moja, na "saa tano" ya mtu mmoja ni asubuhi kweupe kwa mwingine.

Siku yenyewe iende hivi. Saa kumi na moja uwe kwenye gari, umekunywa chai kidogo tu. Choo kipo langoni, na baada ya hapo ni kwenye maeneo machache ya kupumzikia. Lango kuu liko Lang'ata Road, na hufunguliwa saa kumi na mbili. Fika kabla. Nusu saa ya kwanza ndiyo simba bado anatembea barabarani kwa sababu changarawe ni kavu kuliko nyasi zenye umande, na ndiyo fisi anarudi shimoni.

Kuingia tu, upande wa magharibi ni msitu. Wageni hutaka dereva apite haraka aende mbugani. Mwambie aende taratibu. Hapo ndipo chui huonekana, kama ataonekana, na ndipo nyani hushuka kwa makundi. Kisha mteremke kwenye mabwawa. Bwawa la Nagolomon liko karibu na lango kuu na bwawa la Hyena ni zuri kwa ndege. Athi Basin, upande wa mbele zaidi, ni uwanda mpana ambako vifaru hupenda kulisha mapema. Madereva huarifiana kwa simu na redio, na hapo utasikia: "Madam, kuna simba wawili kule chini, twende?" Jibu langu la kawaida ni kwamba twende polepole, tukitazama njiani. Gari linalokimbilia simba wa mwenzake huwapita vifaru watatu.

Ukimpata kifaru, mwombe dereva azime injini. Subiri. Tazama mdomo: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kushikia majani ya vichaka, na mweupe ana mdomo mpana uliokatwa mraba, wa kulisha nyasi. Wote wawili wamo. Rangi isikudanganye, maana wote ni rangi ya tope walilolalia jana. Mgongoni mwake mara nyingi kuna ndege wa kahawia mwenye mdomo mwekundu, askari wa kifaru, anayepanda na kushuka shingoni kama fundi juu ya paa. Ndege huyo akitoa mlio mkali wa kuonya, kifaru huinua kichwa na masikio huzunguka, moja mbele, jingine nyuma. Macho yake ni mabovu. Anakutafuta kwa pua na masikio, na ukitulia utamsikia akipumua.

Picha ya pundamilia na maghorofa nyuma yake kila mtu anaitaka. Ili uipate, simama kusini ukitazama kaskazini kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, jua likipiga majengo kutoka kuliani kwako. Baadaye mwanga huwa mkali na jiji hufifia kwenye ukungu wa vumbi. Kwenye picha huenda likaingia pia daraja refu la reli ya SGR inayokwenda Naivasha, lililojengwa juu ya mbuga yenyewe. Wapo waliolipinga sana wakati wa ujenzi. Twiga hupita chini yake.

Kushuka garini hairuhusiwi isipokuwa mahali palipowekwa alama. Mahali pamoja pazuri ni mabwawa ya viboko kando ya mto, ambako askari wa wanyamapori mwenye bunduki hukutembeza kwa miguu. Mahali pengine ni uwanja wa kuchomea pembe za ndovu. Hapo Rais Moi alichoma tani 12 mwaka 1989, na Rais Uhuru Kenyatta tani 105 mwaka 2016. Majivu bado yamerundikwa, na ukiyakaribia unaona vipande vyeupe vya pembe ambavyo moto haukuvimaliza.

Saa mbili na nusu geuzeni gari. Saa tatu mko nje ya lango, na kikao cha saa nne Upper Hill au Kilimani kinawezekana. Cha Gigiri hakiwezekani kwa uhakika; kwa Gigiri alfajiri ya hifadhi iwe siku ya mapumziko.

Usiombe dereva akaribie zaidi wala atoke nje ya barabara kwa ajili ya picha yako, na usimshinikize kwa bakshishi. Faini ni yake na leseni ni yake.

Hatua ya 5: Karura, kwa anayekaa kaskazini

Karura ungeweza leo kuwa mtaa wa majumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanja vyake viligawiwa watu binafsi, na Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti kuzuia ujenzi. Januari 1999 walipigwa na walinzi wa kukodiwa na yeye akajeruhiwa kichwani. Msitu ulibaki, naye akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ukipita lango la Limuru Road ukaona watu wanakimbia na watoto wao saa kumi na mbili asubuhi, ujue kuna mtu alitoka damu kwa ajili ya njia hiyo.

Msitu hufunguliwa alfajiri na kufungwa jioni, na kiingilio nacho hulipwa kwa simu. Una malango zaidi ya moja. La Limuru Road ni rahisi kwa walioko Gigiri na Westlands, la Kiambu Road kwa walioko Muthaiga na Thika Road. Kumbuka umeingilia lipi, kwa sababu ukitokea lingine teksi yako iko upande wa pili wa msitu. Njia panda zina vibao vyenye namba. Piga picha ramani iliyoko langoni na huwezi kupotea.

Kwa saa moja na nusu, tembea kutoka lango la Limuru Road hadi maporomoko ya maji, upite kwenye mapango ambamo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha, urudi. Ukiwa na pumzi, kodi baiskeli ndani ya msitu. Kwa wanyama, miguu inashinda, na ukimya unashinda zaidi. Tafuta juu mbega, wale wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani. Huko walihamishiwa na sasa wamezoea. Kima ni wengi zaidi na hawaogopi watu. Chini, paa wadogo na pongo huvuka njia mapema kabla wakimbiaji hawajawa wengi. Mlio mzito wa mabawa juu ya miti ni hondohondo mkubwa, unamsikia kabla hujamwona. Shorobo ni ndege wa kijani asiyeonekana majanini mpaka aruke, ndipo mabawa mekundu yanapofunguka.

Sasa zile soksi. Nyasi ndefu kando ya njia zina kupe, na baada ya mvua siafu hukata njia kwa mistari. Chomeka suruali ndani ya soksi, usisimame kupiga picha bila kutazama miguu yako, na ukiona mstari mweusi unaosogea, ruka. Kuvua suruali msituni mbele ya wafanyakazi wa balozi tatu si jambo la kusimulia kikaoni.

Baki kwenye njia zenye watu, hasa ukiwa peke yako.

Hatua ya 6: Ukiwa na saa moja tu

Arboretum, karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni itakayokuza misitu ya mbao. Leo ina hekta 30 na aina zaidi ya 300 za miti, mingi ina vibao vya majina. Ni nzuri saa ya chakula cha mchana kwa anayefanya kazi Kilimani au Upper Hill. Ule kabla ya kwenda. Kima wa hapo wanaujua mfuko wa chipsi hata ukiwa umefungwa.

City Park ya Parklands ina kima wengi na makaburi ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na mpigania uhuru Pio Gama Pinto, lakini mchana kweupe tu, na mkiwa wawili au zaidi. Makumbusho ya Taifa ina nyumba ya nyoka kwa wapendao. Hapohapo, kila Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, hukutana watu wa matembezi ya kutazama ndege yanayoandaliwa na Nature Kenya. Mgeni hupokelewa bila maswali. Jumatano asubuhi ni saa mbaya kwa mfanyakazi, najua, ila kama kikao chako kinaanza Alhamisi, huna kisingizio.

Na usidharau bustani ya hoteli. Kwarara wanaoitwa hadada watakuamsha saa kumi na moja na nusu kwa kelele zao hata usipotaka. Mwewe huzunguka juu ya migahawa ya wazi na hunyakua mshikaki mkononi. Ukipita Mombasa Road karibu na Uwanja wa Nyayo, tazama juu ya migunga: wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni ni marabu, wamejenga viota juu ya barabara yenye msongamano kuliko zote. Hapo foleni ina faida. Usiegeshe chini yao.

Hatua ya 7: Mzunguko wa Lang'ata

Ukiwa na siku nzima, unganisha: hifadhi alfajiri, watoto wa tembo saa tano, twiga mchana. Vyote viko upande mmoja wa jiji.

Kituo cha Sheldrick kiko ndani ya hifadhi lakini huingiliwa upande wa Magadi Road, na hupokea wageni saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana. Fika saa nne na nusu. Utasimama kwenye kamba, watoto wa tembo waliopoteza mama zao watakuja mbio kwenye chupa, na walezi watasimulia kila mmoja alipatikana wapi. Maziwa wanayopewa yana historia: mtoto wa tembo hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na mwanzilishi wa kituo, Daphne Sheldrick, alihangaika miaka mingi akipoteza watoto kabla ya kupata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Usiku walezi hulala nao vibandani, kwa sababu mtoto wa tembo akiachwa peke yake huzorota. Wakikua hupelekwa Tsavo kuzoea maisha ya porini. Vaa nguo usiyoihurumia. Huoga tope, na hawajali nani kasimama karibu.

Kituo cha Twiga hufunguliwa saa tatu hadi saa kumi na moja. Unapanda ghorofani ukafikia uso wa twiga na kumlisha. Watoto hukipenda kuliko kitu chochote Nairobi. Kwa mtu mzima peke yake dakika arobaini zinatosha. Sikiliza mhudumu akikwambia twiga gani hupiga kichwa.

Ukiwa huna gari, matatu za Rongai, namba 125 na 126, hupita Lang'ata Road mbele ya lango kuu na kuendelea Magadi Road. Namba 24 huenda Karen. Mwambie kondakta unaposhuka mara tu unapopanda. Lango kuu pia lina njia ya mbao inayopita juu ya wanyama walio kwenye mazingira yao, Nairobi Safari Walk, ambayo huhitaji gari kuiona. Kwa asiye na bajeti ya gari la watalii, hiyo na matatu ya kwenda Lang'ata zinatosha kwa nusu siku nzuri.

Hatua ya 8: Jumamosi ya nje ya jiji

Milima ya Ngong, yenye kilele cha karibu mita 2,460, ni ya kutembea kwenye mgongo wa milima ukitazama Bonde la Ufa upande mmoja na jiji upande mwingine. Nenda kwa kikundi na uombe askari wa msitu awasindikize. Upepo ni mkali; ndiyo maana kuna mitambo ya umeme wa upepo hapo. Matatu namba 111 inafika Ngong mjini.

Safari bora ya siku moja kwa maoni yangu ni Hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, kilomita 90 hivi. Unakodi baiskeli langoni na kupita katikati ya pundamilia, ngiri na twiga bila kioo kati yenu. Nyati nao wamo, basi ukiwaona kando ya njia simama mbali, usijaribu kuwapita kwa kasi. Kwenye korongo lake usiingie kukiwa na mvua, hata ikiwa inanyesha mbali milimani, kwa sababu maji hushuka ghafla. Mwaka 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu saba. Muulize askari langoni, na akisema hapana, usibishane. Ondoka Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na uanze kurudi saa nane mchana. Jumapili jioni barabara ya kurudi huwa imejaa.

Masai Mara kwa siku mbili inawezekana kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, na bei yake si ya mtu anayetumia posho.

Hatua ya 9: Asubuhi ya kuondoka

Ndege ya saa tisa mchana inakuachia asubuhi nzima. Fanya usajili wa safari mtandaoni jana yake, ondoka hotelini na mizigo yote, uingie hifadhini saa kumi na mbili. Mizigo ikae ndani ya gari, imefunikwa, na kompyuta ya ofisi isiachwe kwenye kiti unaposhuka kwenye mabwawa ya viboko. Nyani hufungua milango ya magari isiyofungwa, na hawajui tofauti ya sandwichi na kompyuta. Muulize dereva kama mnaweza kutokea lango la mashariki, upande wa Mombasa Road. Ukitokea hapo, uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu.

Dereva mpe saa ya kutoka hifadhini, usimpe saa ya ndege, la sivyo ataongeza bwawa moja zaidi kwa wema wake. Kwa ndege ya saa tisa, saa nne muwe nje ya lango. Kabla ya jengo la abiria kuna ukaguzi ambapo abiria hushuka na kupita kwa miguu huku gari likikaguliwa, na saa za asubuhi foleni yake si fupi. Badilisha viatu garini na uvifunge vyenye tope kwenye gazeti.